Malori Tisa kwa Uwanja wa Mwalimu

Mzee Hatua hakuwahi kununua tepu ya kupimia maisha yake yote, na ukitaka kumwona amekasirika, mwonyeshe moja. "Hiyo ni ya mafundi cherehani," angekwambia. "Mimi sishoni suruali. Mimi napanda nyasi."

Na alikuwa na haki ya kujidai, tusimnyime mtu sifa yake. Ujanani alifanya kazi na wapima ardhi, yeye akiwa mshika mnyororo wa kupimia, miaka sita, juani na mvuani, mpaka mnyororo ukamwingia miguuni. Siku moja mkubwa wake akamwambia, kwa mzaha tu, avuke uwanja wa mpira kwa hatua mia moja bila kutazama chini. Akavuka. Wakaja nyuma yake na mnyororo: mita mia moja kasoro kiganja. Watu wakashika vichwa. Tangu siku hiyo akaitwa Hatua, na mvi zilipotoka wakamwekea Mzee mbele. Jina alilopewa na wazazi wake sasa linajulikana na mkewe na kadi ya hospitali, basi.

Tangu aache mnyororo kazi yake ilikuwa moja: kugeuza viwanja vya vumbi kuwa bustani za nyasi. Ukimwita anakuja asubuhi, anavua viatu, anaviacha getini. "Kiatu kinaongopa," husema. "Unyayo hauongopi." Kisha anatembea upande mmoja wa uwanja, mikono nyuma, kwenda na kurudi, halafu upande wa pili, na mwisho wa kila upande anapaza sauti kutaja namba.

Kwenye kona anasimama bintiye na daftari, anaandika. Yeye anaitwa Karani. Jina hilo alilipata akiwa na miaka saba, siku alipopewa kalamu ya risasi na kuambiwa, "Mimi nina miguu, wewe una mwandiko. Tutakula." Leo anakaribia arobaini, ana funguo za stoo, ana simu ya wateja, ndiye anayelipa vibarua na kugombana na wenye malori, lakini uwanjani mpango ni uleule. Kupima hajawahi kupima hata mara moja, ingawa alifundishwa. Na alifundishwa haswa! Nyumbani kwao, kutoka mlangoni hadi getini, baba yake alizika matofali kumi, kila moja mita moja kutoka kwa mwenzake. Mtoto akawa anaruka tofali hadi tofali kama chura, sketi kaikunja mkononi, baba akihesabu nyuma yake: "Moja! Mbili! Usitazame chini, chini hakuna hela!" Miaka ikapita, kuruka kukawa kutanua miguu, kutanua kukawa kutembea. Hadi leo Karani hatua yake ni ndefu, hata wachumba wawili waliwahi kulalamika.

Hesabu yenyewe si uchawi. Urefu mara upana, mara kiganja kimoja pamoja na gumba, yaani sentimita kumi za udongo mweusi, maana nyasi mpya zikipewa chini ya hapo zinalia. Jibu ligawanye kwa tano, kwa kuwa lori la kukodi hubeba mita tano za ujazo. Hapo umepata malori. Ongeza vibarua wa toroli na reki, ongeza vipandikizi vya nyasi, ongeza chai ya dereva asije akamwaga mzigo katikati ya barabara, na hayo ndiyo makadirio.

Sasa sikilizeni balaa lilipoanzia.

Mwaka huo kazi zilikauka. Wateja watano mfululizo walipokea makadirio, wakayasoma, wakakohoa, wakasema, "Mzee, tutakupigia." Na nyie mnajua maana ya tutakupigia. Simu ikakaa mezani kimya kama jiwe la kusagia.

"Watu wamekuwa wabahili," Mzee Hatua akawa analalama. "Wanataka nyasi, hawataki udongo. Sasa ziote hewani?"

Karani akawa anaitikia. Angesema nini? Namba aliziandika kwa mkono wake mwenyewe, na kuzidisha anajua. Hata ile kazi ya mwisho waliyoipata, miezi minane nyuma, ilikuwa na kioja chake: waliposambaza udongo wote uliotakiwa, ulibaki malori mawili na ushee. Mwenye nyumba akaja juu, akasema hataki kilima getini kwake, ikabidi waubebe mpaka nyumbani. Mzee Hatua akacheka tu. "Yule dereva ana moyo," akasema. "Siku hizi hawajazi hivyo. Huyu kajaza kwa upendo." Udongo ukamwagwa uani, ukafunika matofali sita kati ya yale kumi. Mama, mke wa Mzee Hatua, mtu asiyepoteza hata uzi, akapanda maboga juu yake na kuuita Mlima.

Basi kazi ya Mwalimu ilipotokea, Mzee Hatua alishachoka moyo. Asubuhi ile, wakifunga geti lao, akamwambia bintiye, "Huyu naye akisema tutakupigia, natundika beleshi. Mara tano ni bahati mbaya. Mara sita ni jibu."

Neno hilo lilimtia Karani hofu. Mwaka juzi baba yake alishikwa na mafua makali, akakaa ndani wiki mbili. Wiki ya kwanza alihamisha vyombo vyote vya jikoni akidai vimekaa bila mpango, na Mama akamfukuza na mwiko. Wiki ya pili alikaa kitini akitazama ukuta. Hakuuliza habari ya kazi wala ya mtu. Hilo ndilo lililomtisha Karani kuliko mafua yenyewe, na hakutaka kuliona tena, si mwaka huu wala miaka kumi ijayo.

Mwalimu alikuwa mama mfupi mwenye miwani miwili, mmoja machoni, mmoja kichwani, na aliwapokea getini akiwa na mpira wa maji mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu," Karani akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Mzee wangu, karibu. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minane, nimekula vumbi la chaki mpaka mapafu yamekuwa meupe. Nimestaafu, nimejenga nyumba yangu, na sasa nakula vumbi la uwanja wangu mwenyewe. Kila asubuhi namwaga maji, saa nne limerudi. Nimekataa. Nataka nyasi, nataka kiti cha uvivu, nataka kukaa pale bila daftari la mtu yeyote."

Mzee Hatua akampenda papo hapo. Akavua viatu, akakunja suruali. Lakini kabla ya kupima akapiga goti moja chini, akachimba na vidole, akanusa udongo, akagonga kwa sururu yake ndogo.

"Mwalimu, hapa mafundi wa nyumba walikorogea zege."

"Ulijuaje?"

"Pananuka saruji. Chini kidogo pamegandamana kama kigae. Nikikumwagia udongo mweusi juu ya hii, nyasi zitapendeza miezi mitatu, mvua ikija maji yatasimama kama kwenye sinia, mizizi itaoza. Kwanza tuvunje kwa sururu, shubiri moja kwenda chini. Ndipo udongo. Mtu akikwambia vingine, anataka hela yako, hataki nyasi zako."

Mwalimu akamtazama juu ya miwani. "Kuna wawili wamekuja kabla yako, na hakuna aliyeinama."

Mzee Hatua akainuka, akijishika nyonga kidogo, akatembea. Mikono nyuma, kidevu juu, midomo imefungwa. Alipendeza kutazama, hata sasa, miaka sabini kasoro miwili. Kwenda, kurudi. "Ishirini na nne!" Karani akaandika. Upande wa pili. "Kumi na nane!" Karani akaandika. Akazidisha pale pale, akagawanya, akajumlisha vibarua na siku mbili za sururu. Malori tisa. Akachana karatasi, akampa mwenyewe.

Mwalimu akabadilisha miwani. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, kwani mazoea yana tabu, na akaanza kusahihisha makadirio ya watu kama mtihani wa muhula. Vema, hapa. Vema, hapa. Vema.

"Mzee wangu," akasema mwishoni, "hesabu yako haina kosa hata moja. Ila uwanja wako ni mkubwa kuliko wangu."

"Vipi?"

"Wale wawili wameniandikia malori sita. Nilivyojipanga, sita naweza. Tisa, nitakula nyasi badala ya kukaa juu yake."

Uso wa Mzee Hatua ukabadilika. "Mwalimu," akasema taratibu, "miguu hii imepima kabla hao wawili hawajazaliwa. Haijawahi kudanganya mtu. Malori ni tisa." Akageuka, akaenda getini kuvaa viatu.

Mwalimu akabaki na karatasi. Kisha akasema lile neno, kwa upole kabisa, na masikini wa Mungu hakujua uzito wake. "Basi, nitawapigia."

Walikuwa wameshafika barabarani Mzee Hatua aliposimama. "Sururu yangu ndogo nimeiacha. Kanichukulie." Hakutaka kurudi mwenyewe, Karani alilijua hilo, akarudi.

Sururu ilikuwa upande wa mbali wa uwanja. Ardhi bado mbichi kwa yale maji ya asubuhi, na nyayo za baba yake zimeandikika pale wazi, mstari mzima, na kile kidole cha mwisho kilichopinda tangu alipoangukiwa na tofali. Karani akatabasamu. Utotoni alikuwa akizifuata nyayo hizi, akiruka kwa nguvu zake zote ili mguu wake uingie mle mle. Hakuna mtu aliyekuwa akimwona, zaidi ya kuku wa jirani. Akavua ndala, akaweka mguu katika unyayo wa kwanza, akatembea.

Hatua ya pili ikapita unyayo.

Akadhani amekosea. Akarudi mwanzo, akatembea tena, kidevu juu, bila kutazama chini, kama alivyofundishwa. Akasimama, akatazama. Mguu wake ulikuwa mbele ya unyayo kwa zaidi ya kiganja. Hatua ya tatu mbali zaidi. Alipotembea mpaka ukutani alihesabu ishirini. Si ishirini na nne. Upande wa pili, kumi na tano. Ili aingie kwenye nyayo za baba yake ilimbidi ajibane, afupishe mguu, atembee kama mtu aliyebeba maji. Yeye! Aliyekuwa akiruka kama chura!

Akasimama pale katikati ya uwanja wa watu, machozi yakamtoka. Alikuwa ameandika namba hizi mwaka mzima bila kuinua kichwa kwenye daftari. Mita haikuwa imedanganya ghafla. Ilikuwa imezeeka kidogo kidogo, kiganja kimoja kila hatua, na kiganja kimoja urefuni ukikizidisha na kiganja kimoja upanani kinakuletea malori matatu ya uongo.

"Umeona," sauti ikasema. Mwalimu alikuwa kwenye mlango wa jikoni. "Ramani ya nyumba na uwanja ninayo, mwanangu. Ishirini kwa kumi na tano. Nilijua tangu alipotamka namba ya kwanza."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nimefundisha miaka mingi. Mtoto husahihishwa mbele ya darasa, akapona. Mzee akisahihishwa na mgeni haponi. Hilo ni la kwenu." Akafuta miwani kwa kanga. "Namtaka yeye. Ndiye peke yake aliyenusa udongo wangu. Lakini wale wawili wanataka jibu kesho saa nne. Nileteeni makadirio ya kweli kabla ya hapo."

Karani akachukua sururu, akafuta macho, akamfuata baba yake.

Nyumbani, Mzee Hatua hakula. Alilisugua beleshi lake, akalipaka mafuta, kisha akaingia stoo, na nyumba yote ikasikia nyundo.

"Anafanya nini huko?" Karani akauliza.

"Anagongomea msumari," Mama akasema. Alikuwa juu ya Mlima, anapalilia maboga, jua likiwa linaelekea kushuka. "Wa kutundikia beleshi. Ameniuliza kama ungenipendeza upande wa kulia au wa kushoto. Nimemwambia autie kwenye kichwa chake."

Karani akapanda Mlima, akachuchumaa kando ya mama yake, akamweleza yote kwa sauti ya chini: nyayo, kiganja, ishirini, malori sita. Alidhani Mama atashtuka. Mama aling'oa gugu, akalitupa.

"Mimi nilijua tangu mwaka juzi."

"Mama!"

"Ebo, utanipigia kelele? Miaka arobaini na miwili nimeolewa na mtu yule. Tukienda sokoni yeye mbele, mimi nyuma nakimbia na kikapu, nahema kama mbuzi. Nimemsihi, nimemgombeza, nimemnunia. Punguza mwendo, baba, punguza mwendo! Hasikii. Halafu mwaka juzi, siku moja, nikashangaa tumefika sokoni pamoja. Bega kwa bega. Tukazungumza njia nzima." Akang'oa gugu jingine. "Nilikuwa nimefurahi, mwanangu. Nikaona nikisema, ataanza kujilazimisha. Nikanyamaza. Hayo ya malori sikuyajua, haki ya Mungu. Ningejua ningeongea."

Huko stoo nyundo ikaendelea. Ko, ko, ko.

"Naweza kubadilisha namba tu," Karani akasema. "Niandike sita, nipeleke, kazi tupate. Yeye hasomi hesabu, anatazama jibu la chini."

"Na kesho kutwa? Utakuwa unamficha kila uwanja? Baba yako ana mambo mengi lakini si mjinga. Atakuja kujua, na siku hiyo hatauliza kuhusu miguu yake. Atauliza kwa nini karani wake alimwandikia uongo."

Asubuhi Karani aliweka karatasi mbili mezani, mbele ya kikombe cha chai cha baba yake. Mzee Hatua akaivuta ya kwanza. Tisa. Akaivuta ya pili.

"Sita? Nani amepima?"

"Mimi, baba."

"Lini?"

"Jana, nilipofuata sururu. Nilipita kwenye nyayo zako." Akaweka kidole kwenye ile sita. "Zimekuwa fupi, baba. Si uwanja wa Mwalimu tu. Nadhani ni mwaka mzima, hata zaidi. Na mimi nilikuwa naandika tu, sikuinua macho. Nisamehe."

Mzee Hatua akaziweka karatasi zote mbili chini. Kisha akasukuma kiti, akavua viatu, akatoka nje. Mama na Karani wakabaki mlangoni, wameshikana mikono kama watoto waliovunja chungu.

Matofali manne ya mwanzo, yale yaliyo karibu na mlango, bado yalikuwa wazi. Akaweka kisigino kwenye la kwanza. Mikono nyuma, kidevu juu. Moja. Mbili. Tatu. Akasimama. Akatazama chini, kwa mara ya kwanza tangu ujana wake. Mguu wake ulikuwa umesimama kwenye mchanga, karibu nusu hatua kabla ya tofali la nne.

Akarudi, akajaribu tena, akitanua. Nyonga ikamkamata, akajishika ukuta. Karani alitaka kukimbia amshike, Mama akamvuta.

"Muache," akanong'ona. "Muache apime."

Mzee Hatua akakaa kwenye kijiukuta cha kuzuia maji ya mvua, akageuza macho, na macho yake yakaangukia Mlima. Akautazama Mlima, na maboga yake, na urefu wake. Mama na Karani wakaona jambo likimwingia polepole.

"Kwa hiyo," akasema, "huu udongo ni wangu."

Akaunyooshea Mlima kidole.

"Miezi minane namsifu dereva wa watu. Kajaza kwa upendo! Nimemwombea mpaka dua!"

Mama ndiye aliyeanza. Alijaribu kuzuia, akaziba mdomo na upande wa kanga, lakini kicheko kikapenya puani. Karani akafuata. Na Mzee Hatua, pale kwenye kijiukuta, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akajifuta macho, akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha.

"Na wale watano," akasema. "Nimewaita wabahili. Nimewasema kila mahali."

"Tutawapigia," Karani akasema. "Safari hii ni sisi tutakaowapigia."

"Utawapigia wewe. Mimi msumari wangu uko tayari." Alisema bila hasira, na hapo ndipo Karani aliogopa kweli, maana baba yake akiwa na hasira kuna la kufanya. "Mpimaji asiyejua kupima anakwenda kufanya nini kwa watu? Kuwabebea viatu?"

Karani akashuka ngazi, akachuchumaa mbele yake. "Mwalimu hataki miguu, baba. Miguu wale wawili wanayo. Anamtaka aliyenusa saruji. Mimi nilisimama pale pale, sikunusa kitu. Ukitundika beleshi leo, mimi nitamwagia watu udongo juu ya zege mpaka lini?"

Mzee akajipangusa mchanga miguuni. Akainuka, akaelekea stoo, Karani akimfuata. Pale ukutani msumari mpya ulikuwa tayari umebeba mzigo: kikapu cha Mama cha sokoni, kimejaa vitunguu.

"Nilipaona pako wazi," Mama akasema kutoka mlangoni. "Na nisikie mtu anakitoa!"

Mzee Hatua akasimama na beleshi mkononi, akitazama kikapu, akitazama mkewe. Akaguna. "Saa ngapi huyo Mwalimu alisema?"

"Saa nne."

"Basi mnasimama nini? Na hesabu yako ina kosa, Karani."

"Wapi?"

"Umeandika kununua malori sita. Ya nini? Mawili yamelala hapa uani. Andika manne." Akamgeukia mkewe. "Mama, maboga yako una wiki moja ya kuyachuma."

"Wiki mbili."

"Siku kumi."

"Wiki mbili, na nyasi kidogo mbele ya mlango wangu."

Kwa Mwalimu walifika saa tatu na nusu, bega kwa bega, maana siku hiyo Karani naye alipunguza mwendo. Mwalimu akasoma karatasi, akauliza kwa nini manne, akaelezwa habari za Mlima, akacheka hadi miwani ya kichwani ikaanguka. Akapiga vema moja kubwa nyekundu chini. Lakini Mzee Hatua akainua mkono.

"Bado. Mwalimu, jana nilikupimia vibaya. Uwanja haukuwa mkubwa. Mimi ndiye niliyepungua. Sipokei kazi kwa namba ya kunong'onezana. Upimwe mbele yako."

Akaenda kwenye kona, pale bintiye anaposimama siku zote. Akageuza toroli, akakaa juu yake. Kisha akanyoosha mkono, akachukua daftari na kalamu kutoka kwa Karani.

"Vua viatu," akamwambia.

Karani akavua. Ardhi ilikuwa mbichi na ya baridi. Nyayo za jana zilikuwa zimeoshwa na maji ya asubuhi, uwanja mzima haukuwa na alama hata moja. Akaweka kisigino ukutani, akaweka mikono nyuma.

"Usitazame chini," baba yake akasema.

"Chini hakuna hela," Karani akajibu.

Akatembea. Nyuma yake baba yake alihesabu kwa sauti, kama zamani, kila hatua na namba yake, wala hakuharakisha wala hakukosea: kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa. Kidole cha Karani kikagusa ukuta wa upande wa pili.

"Ishirini!" Mzee Hatua akapaza sauti, uwanja mzima ukasikia. "Karani, andika!"

Karani akageuka. Baba yake alikuwa anatazama kalamu iliyo mkononi mwake mwenyewe. Kisha akainamisha kichwa juu ya daftari, akaandika.